Kabla ya Kukata Mti Mjini: Kibali Hutoka Wapi, na Nani Ana Haki ya Kupinga?

FAHAMU SHERIA

"Mti uko ndani ya ploti yangu. Niliupanda mwenyewe. Kwa nini niombe ruhusa ya kuukata?" Swali hili huulizwa mara kwa mara katika ofisi za wadi, na linastahili jibu kamili. Swali la pili huulizwa na jirani aliye upande wa pili wa ua: "Nimeamka nikasikia msumeno. Mti uliokuwa ukitupa kivuli mtaa mzima umelala chini. Nani aliruhusu?"

Makala haya yanajibu maswali yote mawili kwa pamoja, kwa sababu sheria inayomtaka mwenye ploti aombe kibali ndiyo hiyo hiyo inayompa jirani nafasi ya kuuliza. Mifano mingi imetoka Nairobi, jiji ambalo limepigania miti yake hadharani kuliko mji mwingine wowote nchini. Lakini Katiba na sheria za taifa zilizotajwa hapa zinamhusu mkazi wa Mombasa, Kisumu, Nakuru na Eldoret vilevile. Soma ukiwa na kalamu. Mwishoni yapo maswali ya kujadiliwa nyumbani, shuleni au kwenye baraza la mtaa.

1. Anza kwa kuuliza: mti umesimama kwenye ardhi ya nani?

Watu wengi huanza na fundi wa msumeno. Anza na ardhi, kwa sababu ofisi utakayoiendea inategemea mahali mti ulipo.

Ploti ya mtu binafsi. Mti ni mali ya mwenye ardhi. Hata hivyo, katika Kaunti ya Jiji la Nairobi, kama ilivyo katika kaunti nyingine nyingi, mwenye mti hutakiwa kupata idhini ya kaunti kabla ya kuukata. Mpangaji hana mamlaka ya kuomba kwa jina lake peke yake. Lazima mwenye nyumba akubali kwa maandishi.

Kando ya barabara. Mti ulio kwenye hifadhi ya barabara si wa mwenye duka lililo mbele yake, hata kama yeye ndiye aliyeumwagilia maji miaka yote. Sheria ya Barabara ya 2007 iliunda mamlaka tatu: KeNHA kwa barabara kuu za kitaifa, KURA kwa barabara za mijini na KeRRA kwa barabara za mashambani. Barabara nyingine ziko chini ya kaunti. Ukitaka tawi linaloziba bango lako lipunguzwe, waombe wenye barabara.

Bustani, makaburi na viwanja vya umma. Hapa mti unashikiliwa na serikali kwa niaba ya wananchi. Diwani, chifu au msimamizi wa soko hana uwezo wa kumruhusu mtu kwa mdomo tu aukate.

Msitu uliotangazwa rasmi. Karura, wenye ukubwa wa takriban hekta 1,041, uko ndani ya jiji lakini husimamiwa na KFS, yaani Huduma ya Misitu Kenya. Mikoko ya Pwani nayo, pamoja na ile inayozunguka Kisiwa cha Mombasa, ni msitu wa serikali tangu 1932. Kukata mti katika msitu wa umma bila kibali kunaweza kukuletea faini isiyopungua shilingi 100,000, au kifungo, au vyote viwili.

Mahali pa urithi. City Park ya Nairobi ilitangazwa kuwa turathi ya kitaifa mwaka 2009, kwa hiyo Makavazi ya Kitaifa ya Kenya pia yana usemi juu ya kinachofanyika humo.

Ukingo wa mto. Hapa mizizi ndiyo inayoshika udongo usiporomoke. Hata ukiwa na hati ya ardhi inayofika majini, sehemu iliyo karibu na mto ina masharti yake, na ofisi za mazingira huchunguza ombi lake kwa ukali zaidi.

2. Sheria zinasema nini?

Katiba ya 2010 ndiyo msingi. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 69 kinaiagiza serikali ifikie na kudumisha miti kwenye angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi, na kinampa kila mtu wajibu wa kushirikiana katika kulinda mazingira. Jedwali la Nne linazipa kaunti jukumu la kutekeleza sera za taifa kuhusu mazingira, zikiwemo za misitu.

Nchi imeshavuka asilimia hiyo 10. Tathmini ya kitaifa ya 2021 ilionyesha kwamba miti inafunika asilimia 12.13 ya ardhi ya Kenya, na lengo la serikali sasa ni asilimia 30 ifikapo 2032. Lakini mkazi wa mjini asidanganyike na wastani. Miti ya Aberdare na Mlima Kenya inahesabiwa katika asilimia hiyo, ila haimtilii kivuli mama anayeuza mboga Eastleigh. Mji una hesabu yake wenyewe, na kila mti mkubwa unaoondoka unapunguza kile ambacho mtaa huo unacho.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inagawa misitu katika makundi matatu: ya umma, ya jamii na ya watu binafsi. Sheria hiyo pia inazitaka kaunti zianzishe na kutunza bustani na maeneo ya kijani kwa ajili ya wakazi, na kuhakikisha kwamba wajenzi wa mitaa ya makazi wanatenga angalau asilimia 5 ya ardhi kwa kijani. Ikiwa unanunua nyumba katika mtaa mpya, muulize mjenzi akuonyeshe asilimia hiyo 5 kwenye ramani, kisha uende uitafute kwa macho yako.

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka kila ujenzi upate idhini ya kaunti kabla haujaanza. Hapo ndipo vita vingi vya miti huamuliwa, miezi mingi kabla ya msumeno kuwashwa. Mchoro wa jengo ukipitishwa na mti haupo kwenye mchoro, mti huo umekwisha kukatwa kwenye karatasi.

Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 inaitaka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira na kupata leseni ya NEMA. Barabara kuu na kiwanda vimo katika kundi hili. Kuondoa mwarobaini mmoja nyuma ya nyumba hakumo.

3. Kwa nini mti wangu umhusu jirani?

Ukuta wako ni wako. Ukiubomoa, hasara ni yako. Mti hauko hivyo. Kivuli chake huanguka upande wa pili wa ua. Majani yake hupoza hewa ya ploti tatu au nne kwa kutoa unyevu mchana kutwa. Mvua ya Aprili ikipiga, matawi huipokea kwanza na kuiachilia polepole, na mizizi huufungua udongo maji yazame. Mti ukiondoka na mahali pake pakatiwa zege, maji yale yale hutafuta njia mpya, na mara nyingi njia hiyo hupitia mlangoni kwa anayekaa chini ya mteremko. Mvua za 2024 zilitukumbusha wote kwamba maji ya mjini hayaulizi ploti ni ya nani.

Jambo la pili ni muda. Ua uliobomolewa hujengwa upya kwa wiki moja. Mvule au mkuyu wenye miaka 60 haununuliwi kwa bei yoyote. Utasubiri miaka 60. Ndiyo sababu sheria inaweka mtu wa tatu kati ya uamuzi wa leo na hasara ya muda mrefu. Mtu huyo ni afisa anayekuja kutazama na kuandika sababu.

Kuna upande mwingine unaopaswa kusemwa wazi. Mti nao unaweza kuua. Kila msimu wa mvua miti huanguka juu ya magari, paa na nyaya za umeme. Mwenye ploti anayelala macho wazi upepo unapovuma hana nia mbaya na mazingira. Anaogopea watoto wake. Mfumo mzuri wa vibali humjibu mtu huyo haraka. Mfumo unaochelewesha kila ombi huwafundisha watu kukata usiku.

4. Hatua za kufuata

Utaratibu hutofautiana kidogo kutoka kaunti moja hadi nyingine. Mpangilio wa kawaida ni huu:

Hatua ya 1: Andika ombi. Lipeleke kwa idara ya kaunti inayosimamia mazingira, kupitia ofisi ya kaunti ndogo au ya wadi. Taja aina ya mti, mahali ulipo, idadi na sababu. Ambatisha nakala ya hati ya ardhi au idhini ya mwenye ardhi, pamoja na picha: moja ya mti mzima, moja ya shina na moja ya tatizo lenyewe.

Hatua ya 2: Lipa ada iliyowekwa kisheria. Kifungu cha 210 cha Katiba hakiruhusu ada ya leseni kutozwa bila sheria. Ada za kaunti hutajwa katika Sheria ya Fedha ya kaunti husika. Lipa kwa njia rasmi na udai risiti. Pesa ya "chai" haitoi kibali. Siku jirani akilalamika, utabaki huna karatasi wala pesa.

Hatua ya 3: Subiri ukaguzi. Afisa huja kuutazama mti. Usikate tawi hata moja kabla hajafika, maana ukilikata unaharibu ushahidi wako mwenyewe.

Hatua ya 4: Pokea uamuzi kwa maandishi. Majibu huwa ya aina tatu: kata, punguza matawi tu, au acha. Mara nyingi kibali huja na sharti la kupanda miti mingine. Ukikataliwa, Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi.

Hatua ya 5: Kata kwa usalama. Tumia fundi mwenye vifaa na uzoefu, funga njia, na uwaarifu majirani. Tawi lililogusa waya wa umeme usiliguse kabisa. Piga simu kwa kampuni ya umeme. Kibali kiwe mkononi hapo hapo penye kazi, kwa sababu mtu yeyote anaweza kuomba kukiona.

Hatua ya 6: Usisahau usafirishaji. Kibali cha kukata si kibali cha kusafirisha. Mbao na magogo yakipakiwa kwenye lori huhitaji hati ya KFS, na polisi barabarani huiuliza.

5. Afisa huangalia nini?

Wakazi wengi hudhani uamuzi hutegemea afisa ameamkaje siku hiyo. Kuna mambo mahususi yanayotazamwa, na ukiyajua unaweza kujikagulia mwenyewe kabla ya kuomba.

Shina. Je, kuna pango, ufa mrefu, au uyoga unaoota kwenye gome karibu na ardhi? Uyoga huo ni dalili kwamba ndani kumeanza kuoza hata kama majani juu ni ya kijani.

Udongo. Mti ulioinama tangu udogo kwa kawaida umejishika. Mti ulioanza kuinama mwaka huu, na udongo umepasuka au kuinuka upande mmoja wa shina, ni hatari ya haraka.

Mizizi. Kama mtaro wa bomba au wa kebo ya intaneti umechimbwa karibu na shina, huenda mti umepoteza mizizi ya upande mzima. Sehemu kubwa ya mizizi ya mti haiendi chini sana kama tunavyofikiri. Imetambaa karibu na uso wa ardhi, na hufika mbali kupita mwisho wa matawi.

Kilicho chini yake. Tawi kavu juu ya uwanja mtupu si sawa na tawi kavu juu ya kituo cha matatu.

Aina. Mugumo, mkuyu au mti mwingine wa asili hupimwa tofauti na mkaratusi uliopandwa kwa ajili ya nguzo. Kwa mkaratusi ulio karibu na chemchemi, huenda afisa mwenyewe akapendekeza uondolewe.

Baadhi ya sababu hazitoshi. "Majani yanachafua ua" ni kazi ya ufagio. "Ndege wanapiga kelele" haiwezi kuangusha mti. "Mizizi imeziba bomba la maji taka" huhitaji uchunguzi: mara nyingi bomba lilikuwa tayari limepasuka na kuvuja, mizizi ikafuata maji. Ukikata mti bila kurekebisha bomba, mti wa jirani utaingia mwaka unaofuata.

Kati ya kukata na kuacha ipo njia ya tatu, nayo ni kupunguza matawi. Hapa pia tuelewane. Kupunguza ni kuondoa matawi makavu, yanayokwaruzana au yanayolalia paa, bila kuzidi takriban robo ya matawi yote kwa wakati mmoja. Kuufyeka mti kichwa chote ukabaki nguzo ni kosa linalopendwa sana mjini. Machipukizi yanayofuata huota haraka na kujishikiza kijuu juu tu, kisha baada ya miaka michache ndiyo yanayokatika na kuanguka. Anayefyeka kichwa kwa ajili ya usalama anajitengenezea hatari mpya.

6. Mugumo wa Waiyaki Way

Mwaka 2020, ujenzi wa barabara ya juu ya Nairobi Expressway, yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ulifika mahali penye mugumo kando ya Waiyaki Way. Mti huo ulikadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 100 na kimo cha jengo la ghorofa nne hivi. Miti mingine mingi ilikuwa imeshaondolewa kupisha mradi. Mipango ya kuung'oa huu ilipojulikana, watetezi wa mazingira walijitokeza kuupinga. Wengine walikumbusha kwamba kwa Wakikuyu mugumo ni mti mtakatifu.

Novemba mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta alitoa amri ya kuuhifadhi, na Shirika la Huduma za Jiji la Nairobi, NMS, likatwikwa jukumu la kuutunza. Barabara ilifunguliwa 2022. Mti haukung'olewa.

Mafunzo ni mawili. La kwanza: mradi mkubwa na mti mkubwa vinaweza kukaa pamoja, wahandisi wakiambiwa hivyo mapema. La pili ni gumu zaidi. Mugumo huo uliokolewa na amri ya mtu mmoja mwenye mamlaka ya juu kabisa nchini, baada ya kelele. Mti wa mtaa wako hautapata amri ya Rais. Unachohitaji ni utaratibu wa kawaida unaofanya kazi siku ya kawaida: orodha ya miti mikubwa iliyopo, mchoro wa mradi unaoionyesha, na wakazi walioulizwa kabla ya zabuni kutiwa saini.

Kuna majiji yaliyoandika utaratibu huo kwa vipimo. Singapore ina maeneo mawili yaliyotengwa kwa uhifadhi wa miti tangu 1991. Humo, mti ambao shina lake lina mzunguko unaozidi mita 1, ukipimwa nusu mita kutoka ardhini, haukatwi bila idhini, hata kwenye ardhi ya mtu binafsi. Uzuri wa kanuni hiyo ni kwamba mwenye ploti hahitaji kumuuliza mtu kama mti wake unahusika. Anachukua utepe wa fundi cherehani na kupima.

7. Serikali yenyewe ikiwa ndiyo inayokata

Haitoshi kumdai mwananchi kibali iwapo serikali inajikatia itakavyo. Mfano unaofundishwa duniani ni wa Sheffield, Uingereza. Mwaka 2012 baraza la jiji hilo lilitia saini mkataba wa miaka 25 na kampuni ya Amey kwa ajili ya matengenezo ya barabara. Wakazi walianza kuona miti mizima ikikatwa kwa sababu mizizi imeinua mawe ya ukingo wa barabara. Walipouliza, waliambiwa kukata ni njia ya mwisho.

Novemba 2016, kabla ya mapambazuko, wafanyakazi wakiwa na polisi walifika katika barabara ya Rustlings Road na kukata miti 8. Wakazi waliamshwa waondoe magari, na wazee waliosimama chini ya miti wakakamatwa. Mwaka 2018 ilijulikana kwamba mkataba ulikuwa na hesabu ya kubadilisha miti 17,500 kati ya takriban 36,000 ya barabarani. Ukataji ulisimamishwa mwaka huo, baada ya miti zaidi ya 5,000 kuondolewa. Uchunguzi huru ulioongozwa na Mark Lowcock ulitoa ripoti kali Machi 2023, na baraza likaomba radhi.

Miti iliyosalia ilipokaguliwa upya na wataalamu pamoja na wakazi, mingi iliyokuwa kwenye orodha ya kukatwa ilionekana inaweza kubaki. Wakati mwingine ilitosha kubadilisha jiwe la ukingo likawa jembamba zaidi. Suluhisho lilikuwepo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni mtu wa kulitafuta, kwa sababu mkataba ulikuwa umeshaamua.

Kwa kaunti za Kenya, ambazo hutia saini mikataba ya barabara, mitaro na masoko kila mwaka wa fedha, funzo ni hili: idadi ya miti itakayoondolewa iwekwe hadharani kabla ya mkataba, wala isisubiri wananchi waivumbue baadaye. Nawe mkazi, kikao cha ushirikishaji wa umma kikiitishwa, uliza swali moja tu: "Mradi huu utaondoa miti mingapi, na ipi?" Asiyeweza kujibu bado hajawa tayari kuanza.

8. Ukiona mti unakatwa na una shaka

Usigombane na mwenye msumeno. Yeye ameajiriwa, na mti ukiwa umekatwa nusu ni hatari kwa kila aliye karibu. Fanya hivi:

Omba kuonyeshwa kibali. Kisome: mti ni huu, mahali ni hapa, idadi ni hii? Kibali cha miti 2 hakikati 5.

Piga picha zenye kuonyesha mahali, na uandike saa na tarehe.

Ripoti kwa idara ya mazingira ya kaunti au kwa msimamizi wa wadi. Kama ni msitu wa umma, nenda KFS. Kama ni mradi mkubwa, nenda NEMA.

Omba taarifa kwa maandishi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Huhitaji kueleza kwa nini unataka kujua.

Kata rufaa mapema. Uamuzi wa kaunti kuhusu idhini ya ujenzi hupingwa ndani ya siku 14 kwenye kamati ya kaunti ya uhusiano wa mipango ya ardhi. Uamuzi wa NEMA kuhusu leseni hupelekwa kwenye Jopo la Kitaifa la Mazingira ndani ya siku 60. Siku hizo huisha haraka kuliko unavyodhani.

Mwisho kuna mahakama, na hapa historia ya Nairobi ina jambo la kutufundisha. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu kuzuia jengo la ghorofa 60 lisijengwe ndani ya Uhuru Park. Kesi yake ilitupwa. Mahakama haikusema kwamba jengo ni zuri kwa bustani. Ilisema kwamba yeye, kama mtu binafsi, hakuwa na haki ya kushtaki kwa jambo la umma. Bustani iliokolewa baadaye na shinikizo la wananchi na wafadhili kujiondoa. Huyo ndiye mwanamke aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004.

Kifungu cha 70 cha Katiba ya 2010 kimeufungua mlango ule aliofungiwa. Leo mtu yeyote anayeona haki ya mazingira safi inavunjwa anaweza kwenda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na sheria inasema wazi kwamba hahitaji kuonyesha kuwa yeye binafsi amepata hasara au kuumia. Muuza njugu anayekaa chini ya jakaranda kando ya barabara ana mlango ambao Profesa hakuwa nao.

9. Sharti la kupanda: mche mmoja si mti mmoja

Vibali vingi huagiza mwombaji apande miti mingine. Wengi hununua miche, wakapiga picha, wakaipeleka ofisini, na kufikia Januari imekauka. Mche unaozidi kidogo urefu wa goti haufidii mti wa miaka 40. Unafidia kama utafikisha miaka 40. Kwa hiyo fikiria mambo manne kabla ya kuchimba shimo.

Mahali: angalia juu kama kuna waya, na uliza chini kama kuna bomba. Mti mkubwa chini ya waya wa umeme utafyekwa kichwa maisha yake yote.

Aina: chagua mti unaolingana na nafasi. Mugumo haukai kando ya ukuta wa ploti ndogo.

Wakati: panda mvua zinapoanza, Machi au Oktoba, si zinapoisha.

Mlinzi: andika jina la mtu atakayemwagilia kwa misimu miwili ya kiangazi. Mche usio na jina la mtu ni chakula cha mbuzi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taja miti mitatu mikubwa kabisa katika mtaa wako. Kila mmoja umesimama kwenye ardhi ya nani, na kibali chake kingetoka ofisi gani?

2. Jirani yako anaogopa mti wako utaangukia nyumba yake. Wewe unaona mti ni mzima. Mtafanya nini kabla ya kwenda kwa kaunti, na mtamwonyesha afisa nini akifika?

3. Barabara ya kuingia sokoni inapanuliwa. Ramani inaonyesha mitaro na taa lakini haionyeshi mti hata mmoja, ilhali ipo 11. Andika swali utakalouliza kwenye kikao cha umma, na utaje kifungu cha sheria kinachokupa haki ya kuuliza.

4. Mwenye ploti amekata mti bila kibali kwa sababu ombi lake lilikaa ofisini bila jibu. Je, kosa ni la nani, na ni nini kibadilishwe ili lisirudiwe?